Tupeane uzoefu: santuri mpya, bei yake na kile tunachokipata

Mkazi wa Uyole (mwanzisha mada): Habari za jioni, ndugu zangu. Leo nimefungua kifurushi nilichokisubiri wiki sita, na kabla hata sijaiweka santuri kwenye gramafoni nimeona imebenjuka upande mmoja kama bati lililong'olewa na upepo. Santuri yenyewe ilikuwa dola 32, lakini baada ya usafirishaji, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, imenigharimu shilingi 190,000 hadi mlangoni. Naomba kila aliyenunua santuri iliyofyatuliwa miaka hii aeleze alichokipata.

Kihesa: Yamenikuta hayo hayo, tena mara mbili.

Fundi Mwanjelwa: Pole sana, ndugu. Kubenjuka mara nyingi huanzia kiwandani. Plastiki hulainishwa kwa joto la mvuke, hukandamizwa kati ya kalibu mbili, kisha hupozwa kwa maji. Mwenye haraka ya kumaliza oda akiitoa kabla haijapoa sawasawa, hujikunja ikiwa imeshafungwa. Na haraka ipo, kwa sababu mwaka 2022 Marekani ilinunua santuri nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987, ilhali kiwanda cha Apollo Masters cha California, mmoja wa watengenezaji wawili tu wa diski za laka ambamo muziki huchongwa kwanza, kiliteketea Februari 2020.

Gangilonga: Nunueni zenye uzito wa gramu 180 na hamtalalamika tena.

Fundi Mwanjelwa: Kaka, uzito si sauti. Mfereji umechongwa kwenye laka ile ile, iwe santuri ya gramu 140 au 180, na hata nzito hubenjuka.

Gangilonga: Ninazo kumi na mbili nzito na zote zimenyooka, kwa hiyo ninachosema nimekiona kwa macho yangu.

Fundi Mwanjelwa: Nami ninachosema nimekishika kwa mikono yangu, kaka.

Binti wa Tukuyu: Naomba niwakatize, maana mada hii imenigusa pabaya. Baba yangu ana miaka 79 na macho yake hayaoni tena. Ujanani alikuwa na santuri ndogo ya bendi ambayo nyimbo zake alizicheza dansi sana enzi zake za Mbeya mjini, na nilipoona nyimbo za bendi hiyo zimetolewa upya Ulaya katika santuri kubwa, niliweka akiba miezi minne nikaagiza. Siku ilipofika, nilimketisha baba karibu na spika, tukawaita wadogo zangu, mama akaleta chai. Gita la kwanza lilipoanza, sauti ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kila mzunguko mmoja, yaani takriban sekunde mbili. Nikainama kutazama: mkono wa sindano ulikuwa ukiyumba kushoto na kulia kama mtu anayekataa jambo, kwa sababu tundu halikutobolewa katikati. Tulivumilia tukitumaini itatulia, lakini kadiri sindano ilivyokaribia ndani ndivyo ilivyozidi, na wimbo anaoupenda baba ndio uliokuwa wa mwisho. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, huyu siye." Nilitoka nje nikalia. Jioni yake mama alitoa ile santuri ndogo kwenye sanduku la bati, ganda lake limeota ukungu kwa mvua zetu hizi. Tukaiosha kwa maji na tone la sabuni, tukaikausha kwa kitambaa. Ilitatarika mwanzo mpaka mwisho, lakini sauti ilisimama imara, na baba aliimba.

Kihesa: Dada, nimesoma mara mbili. Mpe mzee shikamoo yangu.

Njombe Mjini: Dada, chukua tupa ndogo, panua tundu kidogo, kisha isogeze santuri mpaka mkono uache kuyumba.

Fundi Mwanjelwa: Usiiguse kwa tupa kabla hujamwandikia muuzaji, kwa maana ukishaikwangua hatakurudishia hata senti. Piga video ya mkono ukiyumba, umtumie.

Makambako: Iliyobenjuka ibaneni kati ya vioo viwili juani saa moja, hunyooka.

Gangilonga: Nilifanya hivyo na mifereji ikaharibika. Hapo ninakubaliana na fundi kwamba dawa ni kumwandikia muuzaji na kudai nyingine tu.

Mkazi wa Uyole: Dada wa Tukuyu, umenifanya nikaitazame yangu upya, na nimeona hata tundu lake limeegemea upande. Nimemwandikia muuzaji usiku huu. Naomba kukuuliza: wewe muuzaji wako alikujibu nini?

Binti wa Tukuyu: Alituma nyingine bila malipo baada ya wiki tano. Tundu liko katikati. Baba anaisikiliza kila Jumapili baada ya ibada, ingawa husema ile ya kwenye sanduku ina ngoma nzito zaidi.