Mjadala: "Empark" ni kuhifadhi, au ni kutia bomani?

Mpwa wangu anasoma historia chuo kikuu. Juzi, kwenye habari za Uingereza ya kale, alikutana na neno la Kiingereza "empark", akalitafsiri "kuhifadhi", na mhadhiri wake akalipitisha. Mimi nimelikataa, na naomba tulijadili, maana sisi wa Nakuru, tunaopakana na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru, tunaishi ubavuni mwa neno hilo.

"Empark" ni kuzungushia ardhi ua ili iwe ya wanyama wa kuwindwa. Zamani Uingereza mtu alihitaji kibali cha mfalme kufanya hivyo. Kulungu walifungiwa ndani, na haki ya kuwawinda ilikuwa ya bwana mwenye ardhi. "Park" tunayoisoma leo kwenye malango ya mbuga ilianza hivyo: ni ua kwanza, miti na mabenchi yalikuja baadaye. Hyde Park ya London, Mfalme Henry VIII aliitwaa kutoka kwa watawa wa Westminster mwaka 1536 akaifanya mahali pake pa kuwindia. Kufikia karne ya 18 matajiri walikuwa wakihamisha hata vijiji ili bustani zao zipendeze. Watu wa Nuneham Courtenay na Milton Abbas walibomolewa nyumba zao, wakajengewa kijiji kingine mbali na macho ya bwana. Ukiandika kwamba ardhi yao "ilihifadhiwa", umewafuta kwenye historia yao wenyewe.

Kuhifadhi hakuna ua. Tunahifadhi nafaka ghalani na shairi kichwani. Mbuga nayo, kwa asili yake, ni uwanda wazi wenye majani. Kwa hiyo maneno yote mawili tunayotumia hayataji waya hata kidogo, na waya ndio tunaouona kila asubuhi.

Najua nitajibiwa kwamba ua wa Ziwa Nakuru ndio uliookoa vifaru. Ni kweli, na sitaubishia. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Ndipo mwaka 1987 Ziwa Nakuru likafanywa makao yao, na ua wa stima ukazunguka mbuga nzima, ambayo ni kilomita za mraba 188. Kwa mkulima anayepakana nayo, nyati asiyeweza kuvuka ni mahindi yanayofika ghalani. Lakini ua uleule unamzuia mama anayetafuta kuni, na hilo nalo lazima liwe na jina.

Tena tumeona wenyewe kwamba ni mambo mawili. Maji ya ziwa yalipopanda yalifunika lango kuu la zamani na sehemu za ua, yakaingia hadi kwenye nyumba za mtaa wa Mwariki. Ua ulizama, hifadhi ikabaki hifadhi kisheria. Maasai Mara nayo ni hifadhi, na nyumbu wanaingia na kutoka.

Tuseme nini basi? "Kupiga fensi" hakutoshi, kwa sababu hata shamba la sukuma wiki hupigwa fensi. Mimi napendekeza "kutia bomani". Boma ni zizi la mifugo, ni makazi ya familia, na wazee wetu walikuwa wakienda "boma" kumwona DC, mkuu wa wilaya. Mnyama, mwenye mji na serikali wamo wote ndani ya neno moja, na ndivyo ilivyo katika "empark". Kasoro ninayoiona ni kwamba boma lina joto la nyumbani, na aliyehamishwa hakulipata joto hilo. Hapo ndipo nahitaji msaada wenu.

Ndugu wa Kisumu, ninyi mna hifadhi ya swala pala iliyozungushiwa ua kando ya ziwa, karibu kabisa na mji. Wazee wa hapo wanapaitaje wakizungumza wenyewe kwa wenyewe?