Benki iliniuzia launji nikiwa Tanga, mama yangu akarudishwa mlangoni, na sasa wamenikata 364,000 kwa launji tusiyoingia

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili nimelimeza zaidi ya mwezi mzima na leo limenifika kooni. Launji ninayoisema ni ule ukumbi wa kupumzikia abiria ndani ya uwanja wa ndege. Benki siitaji, launji siitaji, na nawaomba hata anayezihisi asizitaje. Nataka haki yangu, sitaki kesi.

Nianzie Tanga kwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka nilikwenda tawini, mjini hapahapa, kufuatilia hela iliyochelewa kuingia. Ofisa akanikalisha, akafungua akaunti yangu, akaniambia nastahili kadi ya daraja la juu, makato ya mwaka Sh 150,000. Nikamuuliza mara moja: laki na nusu ya nini? Akanitolea karatasi ya rangi, imeng'aa, ina picha ya mtu amekaa kwenye kochi anatazama ndege. Akaweka kidole pale: "Launji za viwanja vya ndege. Wewe na mgeni mmoja, bure, mara nne kwa mwaka." Mgeni mmoja. Nilimrudisha hapo mara mbili, kwa sababu nilikuwa namfikiria mama. Akasema ndiyo, mgeni yeyote unayesafiri naye.

Nikasaini. Kadi nisingeichukua kama si neno lile.

Mama yangu ana miaka 71, ana sukari, na magoti yamemchoka. Tulikuwa tunampeleka India kwa matibabu. Najua kuna watakaokuja hapa kuandika kwamba launji ni mambo ya wenye nazo, mtu wa kawaida akae kwenye viti vya bure kama wenzake. Ndugu yangu, anayekaa Tabata au Kigamboni anakula chakula cha usiku kwake, anaoga, anatoka saa nne anakwenda uwanjani. Sisi wa mkoani hatuna hiyo. Tuliondoka stendi ya Kange saa mbili asubuhi. Muheza, Segera, Mkata, Wami, Chalinze, tukashuka Mbezi saa tisa alasiri, kilomita mia tatu na hamsini hivi, mgonjwa amekaa kitako njia nzima. Ndege yetu ilikuwa saa tisa na robo usiku. Kulala kwa watu Dar mama hakutaka, anasema atawasumbua wenye nyumba usiku wa manane, nami nikaogopa foleni. Saa kumi na moja jioni tuko uwanjani, kaunta ya kukabidhi mizigo inafunguliwa saa sita. Masaa saba mazima mama amekaa kwenye kiti cha chuma, miguu imevimba hadi kandambili zimeacha alama.

Kila aliponiuliza nilimwambia: mama, vumilia, tukishavuka ndani kuna mahali pazuri, utanyoosha miguu, utakula chakula cha moto, utaswali kwa utulivu. Yale masaa mawili na nusu ya ndani ndiyo yaliyokuwa mapumziko yetu kati ya basi na ndege. Kwa mtu wa Tanga launji ndiyo nyumba ya kufikia.

Na kuna jambo dogo linaloniuma kuliko hela. Mama alibeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, ule anaokunywa kwa ajili ya ugonjwa wake wa sukari, asiouacha. Pale kwenye ukaguzi kimiminika zaidi ya mililita 100 hakipiti, sheria inajulikana na walinzi walituambia kwa adabu kabisa. Wakatupa nafasi, mkitaka anywe hapahapa amalize. Mimi ndiye niliyesema mwaga mama, ndani kuna chakula. Tukaumwaga. Niliamini karatasi ya benki, nikamwaga uji wa mama yangu.

Saa saba kasoro robo usiku tuko mlangoni. Mama kwenye kiti cha magurudumu, kijana wa uwanja anamsukuma, na kijana yule Mungu amlipe, hakutuacha hadi mwisho. Nyuma ya meza kuna dada. Mama mwenyewe ndiye aliyeanza: "Hujambo mwanangu." Dada hakuinua uso. Shikamoo hakuna, karibu hakuna. Akaanza kuzungumza Kiingereza, tena akimwelekea mama. Nikamwambia dada, tuzungumze Kiswahili, mama asikie. Akaendelea na kile kile. Mzee wa miaka 71, Mtanzania, kwenye ardhi ya Tanzania, anasemeshwa na binti wa Kitanzania lugha asiyoijua, huku amekaa chini yake kwenye kiti cha wagonjwa. Hiyo ilinikata maini.

Akachukua kadi, akachanja. Mashine ikatoa karatasi: jina langu, tarakimu nne za mwisho za kadi, saa 00:47, mwenye kadi 1, mgeni 1. Nikasaini. Akasema mtandao umekata, haijasoma, akachanja tena. Karatasi ya pili: 00:52, mwenye kadi 1, mgeni 1. Nikasaini tena. Kwa bahati nimezoea kupiga picha risiti zangu zote, nikazipiga hizi mbili zikiwa zimelazwa pale mezani. Picha hizo ndizo zinazonipa nguvu ya kuandika leo.

Ndipo akatoka msimamizi. Akaitazama kadi, akasema kadi ya aina hii haina mgeni. Mwenye kadi aingie, mama alipiwe dola 35. Nikasema sawa, basi mama aingie kwa kadi, mimi nitakaa nje. Haiwezekani, kadi haihamishiki, anaingia mwenye jina. Hilo nalikubali, ndiyo masharti ya kadi hizi. Nikasema basi nalipa. Nikatoa noti za shilingi, nikaanza kuhesabu. Akasema hawapokei shilingi.

Wakuu, tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kunadiwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kama wana msamaha wao, waubandike ukutani tuusome. Nilimuuliza hivyohivyo, kwa sauti ya chini kwa sababu mama alikuwa anasikia. Jibu lake likawa jipya kabisa: launji imejaa, usiku huu kuna ndege tatu. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Niliona makochi. Kuna mtu mmoja amelala kwenye matatu, viatu vyake juu ya la nne.

Kadi haina mgeni. Halafu shilingi hazipokelewi. Halafu pamejaa. Sababu tatu ndani ya dakika kumi, na kila nilipoijibu moja walizaa nyingine. Mama akanivuta shati, akasema, "Twende zetu mwanangu, usigombane na watu kwa ajili ya kiti."

Tukarudi kwenye viti vya kawaida. Saa nane kasorobo jasho likaanza kumtoka, vidole vinatetemeka, nikajua sukari imeshuka. Nilikuwa na pipi mfukoni, nikampa, kijana yule wa kiti akakimbia kutafuta juisi. Akatulia. Tukapanda ndege.

Ningeishia hapo ningewaachia Mungu. Lakini siku ya kumi na mbili, niko India, nimekaa kwenye benchi la hospitali nasubiri jina la mama liitwe, simu ikalia. Meseji ya makato. Sh 364,000. Nikafungua programu ya benki nione maelezo: huduma ya launji, vichwa vinne, dola 35 kila kimoja. Dola 140.

Vichwa vinne! Tulikuwa wawili, na hatukuingia hata mmoja.

Nimerudi Tanga nimekwenda tawini mara tatu. Mara ya kwanza ofisa, yuleyule aliyeniuzia, akaniambia niwaulize launji. Nikawapigia launji, wakasema mashine si yao, ni ya kampuni inayosimamia kadi. Nikaiandikia hiyo kampuni, iko nje ya nchi, ikanijibu kwa barua pepe ya Kiingereza yenye namba ndefu ya kumbukumbu kwamba makato ni ya benki, niwaone benki. Danadana. Mara ya pili benki wakanionyesha saini yangu: umesaini mwenyewe, bwana. Mara ya tatu, hii ya juzi, ndipo nikaambiwa kwamba hizo ziara za bure zina sharti la matumizi ya kiasi fulani kwenye kadi kila mwezi, na mimi sikufikisha. Sharti hilo sikuwahi kulisikia. Nimelitafuta kwenye ile karatasi ya rangi, ninayo hadi leo, nikakuta chini kabisa, herufi za ukubwa wa chungu: "masharti kuzingatiwa". Maneno mawili. Sharti lenyewe halimo.

Sasa nimejifunza kwa uchungu jinsi mambo haya yanavyokwenda, na nawaeleza ili asije akaliwa mwingine. Mara nyingi launji haimilikiwi na benki yako. Benki inanunua huduma kwa kampuni ya katikati, kampuni hiyo ina mkataba na launji, na launji inalipwa kwa kichwa. Ile kadi ikichanjwa mlangoni, palepale hela haitoki, inaandikwa tu kwamba umeingia, wewe na watu kadhaa. Ankara inakuja baadaye kwa benki, na benki ikiona huna haki ya bure inakukata wewe. Ndiyo maana makato yalinikuta baada ya siku kumi na mbili. Kwa hiyo karatasi ile unayosaini ndiyo ushahidi mkubwa. Soma idadi ya wageni kabla ya kuweka saini. Wakichanja mara ya pili, ile ya kwanza ichanwe au iandikwe imefutwa mbele ya macho yako. Wakikukataa, usiondoke hadi zote zifutwe. Mimi sikulijua hilo, nami nilikuwa na mgonjwa.

Lakini kutojua kwangu hakuwapi wao ruhusa ya kula hela yangu. Nauliza benki maswali haya, nimeyaandika kwenye barua na hawajayajibu. Launji ilisema kadi yangu haina mgeni, ninyi mmenilipisha wageni wawili. Wageni hao ni akina nani? Karatasi moja ni ya 00:47 na nyingine 00:52. Mtu mmoja anaingiaje launji moja mara mbili ndani ya dakika tano, kila mara na mgeni, bila kutoka? Kamera zipo mlangoni pale. Ziangaliwe. Zitaonyesha mama yangu amekaa nje ya kizingiti muda wote.

Na neno langu kubwa ni hili. Mimi sikufanya biashara na launji, wala na kampuni ya ng'ambo. Laki na nusu yangu ilichukuliwa Tanga, na mtu niliyemtazama usoni, aliyeniwekea kidole kwenye karatasi akasema wewe na mgeni mmoja. Aliyepokea hela ndiye anijibu. Akitaka kugombana na launji, agombane nayo yeye, ana wanasheria. Kumwambia mteja wa Tanga akaifuatilie kampuni iliyo bara lingine ni kumwambia asamehe.

Kuna kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na Benki Kuu inapokea malalamiko yakishindikana kwenye benki yenyewe. Ndiyo maana nafanya kila kitu kwa maandishi, barua yenye tarehe, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wa tawini mara ya kwanza walikataa kugonga. Nilikaa pale kwenye kiti hadi walipogonga.

Ninachodai: Sh 364,000 zirudi. Makato ya mwaka, Sh 150,000, yarudi, kwa sababu nilichouziwa hakikuwepo. Na mtu wa launji ampigie mama simu, amwamkie, amwombe radhi kwa Kiswahili. Mama anasema yeye ameshasahau. Hajasahau. Juzi mjukuu wake alimuuliza uwanja wa ndege ukoje, akamjibu, "Mzuri, ila kuna mlango nilikatazwa," akageukia mambo mengine.

Yeyote aliyekatwa hivi, hasa sisi wa mikoani tuliouziwa kadi hizi matawini kwetu, aandike hapa tarehe na kiasi, bila kutaja jina la mtu. Jumatatu benki ikifunguliwa niko kaunta, na picha zangu mbili, na ile karatasi ya kochi na ndege.