Mrejesho: yule mwalimu wa Tukuyu aliyeuliza takwimu za plastiki baharini

Wakuu, habari za jioni. Ni mimi niliyeuliza nitapata wapi bure takwimu za chembe za plastiki baharini, zile zisizofika milimita 5, kwa ajili ya klabu yetu ya mazingira.

Aliyenielekeza kwenye hifadhidata ya NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, Mungu akubariki. Ramani iko wazi, huombwi nywila, jedwali unapakua. Nililifungua kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo ya bure. Bando ndilo lililoniumiza.

Kosa langu lilikuwa kutupia namba zote kwenye grafu moja. Kumbe sampuli za maji huhesabiwa vipande kwa kila mita ya ujazo, na za mchanga wa ufukweni zina kipimo chake. Ikatoka grafu ya ajabu, nikaifuta kimyakimya kabla wanafunzi hawajaingia.

Halafu kuna suala la nyavu za kukusanyia sampuli. Nyingi zinazokokotwa juu ya maji zina matundu ya kama milimita 0.33, kwa hiyo chembe ndogo zaidi hupita. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, namba ndogo siyo lazima bahari iwe safi?" Nikamwachia chaki aendelee yeye.

Ziwa Nyasa sikulipata humo, ni data za bahari. Lakini tumechora ubaoni njia ya maji ya kwetu hadi baharini: Mto Kiwira, Ziwa Nyasa, Mto Shire, Mto Zambezi, Bahari ya Hindi. Jumamosi tunashuka Kiwira na ndoo na chujio.