Kwaya yataka sare mpya ya Pasaka, asiyelipa haimbi mkesha. Naomba ushauri

HazinaMalaba

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Naomba mawazo yenu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ni mazoezi na jambo lenyewe limenikaa kooni.

Mimi ni mweka hazina wa kwaya inayoimba Misa ya Kiswahili katika parokia moja huku Malaba, upande wa Uganda. Kwaya yetu ni ya mchanganyiko kwelikweli: Wateso, Wasamia, Wajapadhola, mawakala wa forodha, akina mama wa sokoni, na madereva wa malori wawili watatu wanaoimba nasi foleni ya mpakani ikiwakwamisha. Kila mtu ana lugha yake nyumbani, Kiswahili ndicho kinachotukutanisha.

Mara tu baada ya Jumatano ya Majivu, mwenyekiti na mwalimu wa kwaya walileta hoja ya sare mpya ya Pasaka. Kitenge cha zambarau chenye maua ya dhahabu, gauni kwa akina mama, shati kwa wanaume. Shilingi 80,000 kila mtu: 45,000 kitambaa, 35,000 kushona. Mwisho wa kulipa ni Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi, kwa sababu Pasaka yenyewe ni tarehe 5 Aprili. Kikao kikapitisha (waliohudhuria hawakufika hata nusu ya kwaya) kwamba asiyemaliza kulipa hasimami na kwaya usiku wa mkesha.

Daftari ninalo mimi, kwa hiyo najua nani katoa nini. Yuko mama mmoja anauza mukene (dagaa) sokoni. Ameniletea elfu tano mara tatu, noti zimekunjwa zikawa kama vidonge na zinanuka samaki, na kila mara anasubiri niandike mbele ya macho yake ndipo aondoke. Mvua zimeanza, amenunua mbegu za mahindi na maharage, na karo ya muhula wa kwanza bado inamdai. Huyu ndiye nguzo ya sauti ya pili. Siku asipokuwepo wenzake wote wanahamia sauti ya kwanza bila kujijua. Jumapili iliyopita akaniambia, "Mwanangu, mwaka huu nitakaa kwenye benchi na waumini, usijisumbue."

Hayuko peke yake. Na sasa mwenyekiti ameniagiza niwasome majina wote wanaodaiwa mbele ya kwaya "ili wachangamke".

Je, Kanisa lina sheria yoyote kuhusu sare ya kwaya? Nisome majina au nikatae? Na nikimlipia huyo mama kimyakimya, si nitakuwa nimempendelea kuliko wengine?

SautiYaNne_Tororo

Milele amina. Kabla ya yote, nani alichagua zambarau? Hiyo ni rangi ya Kwaresima! Padri amevaa nyeupe, altare imevishwa nyeupe, waliobatizwa wamevaa nyeupe, halafu kwaya inaimba Aleluya imevaa toba. 😂

Pili, mnashona kwa ajili ya nani? Mkesha unaanza taa zote zimezimwa. Moto unawashwa nje, mshumaa wa Pasaka unaingia, watu wanawashiana mishumaa mkononi. Na kwa mvua hizi za Machi na Aprili mnajua kinachofuata: kumbikumbi. Mwaka jana kwetu walituvamia wakati wa Mbiu ya Pasaka, aliyekuwa anaimba akawa anapuliza ukurasa kila mstari ili aone maneno, na mabawa yamemjaa mabegani. Hakuna aliyejua amevaa nini.

BodaWaBusia

Fulana za kampeni za uchaguzi wa Januari zipo bado kabatini. Bure kabisa, na ni sare tayari.

SautiYaNne_Tororo

@BodaWaBusia kwaya itagawanyika vyama kabla ya "Utukufu" 🙆

Katekista Mstaafu

Mweka hazina, nimefanya kazi ya ukatekista huku Soroti hadi miguu ikanigomea, kwa hiyo nijibu taratibu.

Sheria ya Kanisa kuhusu sare ya kwaya haipo. Iliyopo ni adabu, mtu avae kwa heshima, basi. Kikao cha kwaya kinaweza kukubaliana rangi, lakini hakina mamlaka ya kumwondoa muumini katika huduma kwa sababu ya kitenge. Kwaya iko chini ya paroko. Jambo la kumzuia mtu asiimbe kwenye mkesha, ambao ni mama wa mikesha yote, lifike kwake kabla halijafika kwenye mazoezi. Nenda wewe mwenyewe na daftari lako. Usiende kushtaki, nenda kuuliza.

Sasa niwaulize mnaopigania nguo: nyimbo mmemaliza? Mkesha una masomo saba ya Agano la Kale, kisha Waraka kwa Warumi, kisha Injili. Paroko akiona sababu anaweza kuyapunguza yale saba, lakini yasishuke chini ya matatu, na lile la Kutoka sura ya 14, la kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Kila somo lina wimbo wake wa katikati. Baada ya somo la mwisho la Agano la Kale ndipo "Utukufu" unaimbwa na kengele zinalia, zilizokuwa kimya tangu Alhamisi Kuu. Halafu Aleluya, ambayo watu hawajaisikia Kwaresima nzima, inaimbwa mara tatu na kila mara inapandishwa. Kama mna wakatekumeni wa kubatizwa, ongeza litania ya watakatifu. Hiyo ni kazi ya kwaya iliyotimia sauti zote nne. Ukimwondoa anayeshika sauti ya pili, gauni halitaishika.

Kuhusu kusoma majina, soma kwanza Waraka wa Yakobo sura ya 2, pale penye mtu mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye nguo chafu. Ukishamaliza, ukiona bado una hamu ya kusoma majina, soma.

NidhamuKwanza

Naona wote mnamshambulia mwenyekiti, acha mimi nimtetee kidogo. Nimewahi kuongoza kwaya hapa Jinja. Mkisema "alipe anayeweza", hakuna atakayeweza. Mtu anakulilia hana kitu, Jumapili ya Pasaka unamkuta na gauni jipya la kwake na nywele zimesukwa upya. Waliojinyima wakalipa yote nao wana haki yao, na hao huwa hawaongei, wanaacha tu kuja.

Na sare inasaidia. Ikivaliwa na wote, huwezi kujua nani ana duka na nani anauza mukene. Shida yenu ni bei na tarehe. Asiimbe kabisa, hapana, hapo wamezidisha. Lakini deni libaki deni.

Mwanglikana_Kampala

Poleni majirani. Kwetu Kanisa la Uganda wengi tunavaa majoho, na ya kanisani kwetu ni mali ya kanisa. Yanatundikwa katika chumba cha kuvalia, unafika, unachukua linalokutosha, ibada ikiisha unarudisha. Ukihama unaliacha. Hakuna mwanakwaya anayetoa shilingi, pesa zilitoka katika harambee moja ya waumini wote, na majoho hayo yamevaliwa na watu ambao sasa ni mababu. Ndani uvae nguo iliyochakaa vipi, hakuna anayeiona.

Hapo hoja ya @NidhamuKwanza ya usawa inatimia bila kumkamua mtu. Mnataka wote wafanane? Nguo iwe ya kwaya, isiwe ya mtu.

NidhamuKwanza

@Mwanglikana_Kampala hilo nakubali. Lakini harambee ya majoho haimaliziki kabla ya tarehe 5 Aprili, tusidanganyane.

Mama Furaha, Nakivale

Yesu asifiwe. Mimi ni Mkongo, niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Huku kwetu ukisema shilingi 80,000 kwa nguo ya kuimbia, watu watadhani unaongea bei ya mbuzi.

Sisi tulifanya hivi: kila mama avae kikwembe chake, kile kizuri alicho nacho, rangi yoyote. Tukanunua kitambaa cheupe kimoja, tukakikata, kila mtu akafunga kilemba. Wanaume wakapata ukanda mweupe wa begani. Yadi sita zinatoa vilemba kumi na viwili, nusu yadi kila kichwa. Tulipowasha mishumaa, vichwa vyeupe vilionekana vimepangana kabisa kabisa, na chini rangi zote za dunia. Paroko alipenda, na mwaka uliofuata tulivitoa tena, tukavifua, basi.

FundiCherehani

Mimi ni fundi Busia, niongee ya kazini. Kwanza, 35,000 kwa gauni la kawaida ni bei ya mteja mmoja mmoja. Kwaya nzima ikija pamoja, mshono mmoja, fundi yeyote mwenye akili anashusha.

Pili, mtu anayelipa Jumapili ya Matawi anategemea nguo ishonwe lini? Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimekwenda sambamba. Sasa hivi meza yangu imejaa kanzu na magauni ya Idi, ambayo iko karibu na tarehe 20 Machi. Baada ya hapo wanakuja wa Pasaka wote kwa mpigo, na umeme wenyewe mnaujua. Ukiniletea vitambaa thelathini tarehe 30 Machi nitakuambia "sawa", kama mafundi wote, na Jumamosi Kuu utanikuta nimezima simu.

Vilemba ni kupinda tu ukingo. Hivyo nakufanyia hata siku mbili.

HazinaMalaba

Asanteni sana. @Katekista Mstaafu nimesoma Yakobo, na hamu ya majina imeniisha (haikuwepo sana). Lakini bado nasumbuka na huyu mama. Nina akiba kidogo, 65,000 zilizobaki naweza kuzitoa. Nimpe?

Mama Paulo

Usimlipie bila kumuuliza. Nakuambia kama mama mzee anayeuza sokoni pia. Mtu anayekuletea elfu tano na kusimama uandike mbele yake anataka ijulikane kwamba amelipa mwenyewe. Siku akikuta kwenye daftari "amemaliza" na hakumaliza yeye, utamvunja zaidi ya mwenyekiti. Na sokoni hakuna siri, ndani ya wiki wataanza kuuliza kijana huyu anamlipia kwa nini.

Kama unataka kumsaidia, nunua mukene kwake. Nunua mwingi, ugawie jumuiya yenu siku ya Ijumaa Kuu, si hatuli nyama hata hivyo? Pesa ataipata kwa jasho lake na kilo zake. Halafu ataamua mwenyewe aipeleke kwenye sare au kwenye karo.

Na umwambie anahitajika kwenye sauti ya pili. Hilo hajaambiwa na mtu, nina hakika.

SautiYaNne_Tororo

Mama Paulo ameua. 🙌

NidhamuKwanza

Na waliokwisha kulipa 80,000 zote? Mkienda kwenye vilemba, pesa zao zinakwenda wapi? Hapo ndipo kwaya huvunjika, msipapite juu juu.

HazinaMalaba

Nimerudi na habari.

Nilikwenda kwa paroko na daftari. Aliuliza ni nani aliyemwambia mtu asiimbe, nikamwambia kikao, akauliza kikao cha watu wangapi, nikamwambia. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyefurahi. Amesema hakuna jina litakalosomwa na hakuna mwanakwaya atakayekaa benchi kwa sababu ya kitenge. Jumamosi akaja mazoezini mwenyewe, akakaa nyuma, akaomba tuimbe wimbo wa Kutoka 15. Tuliharibu vibaya. Akasema tu, "Hebu sare ya sauti kwanza," akaondoka.

Tulikaa baada ya hapo, safari hii kwaya karibu yote. Tumekubaliana: mkesha na Pasaka ni vilemba vyeupe na ukanda mweupe kwa wanaume, 4,000 kila mtu, kushona kukiwemo. Kitenge kimesogezwa hadi hija ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, tarehe 3 Juni, rangi itachaguliwa upya (zambarau imeanguka kwa kura, @SautiYaNne_Tororo furahi) na atakayeshindwa atavaa kilemba chake cheupe aendelee kuimba. Waliolipa zote nimewapa nafasi ya kuchagua: kurudishiwa, au ibaki kwa ajili ya Juni. Wengi wameacha ibaki. Watatu wametaka pesa zao na nimewarudishia, kila mmoja ametia sahihi.

Mwenyekiti amenuna. Hapokei simu yangu tangu Jumamosi, na mwalimu naye anajibu kwa "ndiyo" na "hapana". Sijui kama nitawapata wote wawili mkesha ukifika.

Mama wa mukene nilimwambia kuhusu sauti ya pili. Akaniuliza kama namdhihaki. Kisha akataka nimwonyeshe kwenye daftari elfu kumi na tano zake, akasema 4,000 zitoke humo na nyingine zibaki kwa ajili ya Juni. Nimeandika mbele yake.

Katekista Mstaafu

Kwa mwenyekiti usipige simu, nenda nyumbani kwake jioni, na usiende na daftari. Mpe kazi ya kusimamia moto mpya na kugawa mishumaa. Mtu aliyeshindwa kikaoni hutafuta mahali pa kushika, mpe.

FundiCherehani

Kitambaa cheupe chukueni pamba, msichukue kile cha kuteleza, kilemba kitawafunguka katikati ya Aleluya. Nileteeni kabla ya Idi, na mniandikie ni vichwa vingapi na mikanda mingapi. Elfu kumi za kutangulia zinatosha.

HazinaMalaba

Ijumaa nitapita, fundi. Vichwa kumi na tisa, mikanda kumi na minne. Mikanda ikate mirefu, sauti ya nne yetu ina matumbo.