Mashine zilizokopiwa zinanyang'anyana kufuli za faili kwenye NFS, naombeni ushauri

Fundi_Seva
Wakuu habari. Nina mashine pepe za Linux, zote zimetolewa kwenye kopi moja na zinamaunti (zinaunganisha) folda ileile ya seva kwa NFS 4.1, yaani mfumo wa kushirikiana faili kupitia mtandao. Ikiwaka moja tu, mambo safi. Nikiwasha ya pili, programu kwenye ile ya kwanza zinapoteza kufuli za faili (zile zinazozuia wawili wasiandike faili moja kwa pamoja), na logi ya kerneli, kiini cha Linux, inasema "Lock reclaim failed!". Mtandao nimeupima, haukatiki. Seva ndiyo mbovu au?

KamaKawa
Rudi toleo la 3 mkuu, ulale usingizi.

bibi_kerneli
@KamaKawa toleo la 3 nalo statd, programu yake ya kufuatilia kufuli, inatangaza kuwaka upya kwa jina la mashine, kwa hiyo atahama na shida yake begani.
Fundi, hebu andika `hostname` kwenye zote mbili. Nahisi majibu yatafanana.

Fundi_Seva
Duh! Zote localhost.localdomain. Ila IP ni tofauti, seva inachanganya vipi?

bibi_kerneli
Haikutambui kwa IP. Klaienti (mashine inayotumia folda) anapojitambulisha kwa EXCHANGE_ID, ombi la kwanza kwa seva, anatoa vitu viwili: utambulisho, ambao Linux huuunda kwa jina la mashine, na kithibitishi cha baiti 8 kinachobadilika mashine ikiwaka upya. Seva ikiona utambulisho uleule na kithibitishi kipya, inajua mashine ilizima ikawaka tena, basi kufuli za zamani hazina mwenyewe. Inazifuta. Ya kwanza nayo ikirudi kujitambulisha inaifukuza ya pili, hivyohivyo mpaka asubuhi. Seva yako nzima kabisa, inafuata RFC 8881, waraka wa kanuni za NFS 4.1. Bila utaratibu huo, mashine iliyozimika ghafla ingesubiri kufuli zake zenyewe ziishe muda, kwa kawaida sekunde 90 kwenye seva ya Linux.

Kila mashine ipe UUID yake (namba ndefu ya kipekee, itaongezwa kwenye utambulisho) ndani ya /etc/modprobe.d/nfs.conf:
`options nfs nfs4_unique_id=UUID-yako`

MzeeWaLogi
Naongezea. UUID itoe kwa `uuidgen`, usichukue namba ya mashine iliyo kwenye /etc/machine-id kienyeji, maana kopi nyingi hubeba ileile. Kama ni kontena zenye network namespace zake (mtandao wake uliotengwa), hiyo `nfs4_unique_id` ya moduli ni moja kwa kerneli nzima. Andika kwenye /sys/fs/nfs/net/nfs_client/identifier ndani ya kila kontena kabla ya kumaunti.

Fundi_Seva
Shukrani wazee. Nikibadilisha jina la mashine tu haitoshi? Au skripti izalishe UUID kila mashine inapowaka?

bibi_kerneli
Jina linatosha, hadi siku mtu atoe kopi nyingine akasahau. Hiyo skripti achana nayo kabisa: utambulisho ukibadilika kila ukiwasha, seva haitajua ni wewe uliyerudi, na kufuli zako za zamani zitakuzuia mwenyewe hadi muda wake uishe. Zalisha mara moja, hifadhi.

Anmaunti zote kwanza, uwashe mashine upya, kisha kwenye seva `cat /proc/fs/nfsd/clients/*/info`. Kila mashine ionekane na jina lake. Ukikuta majina mawili yanafanana, tubandikie hapa tuone.