Dripu ya utumbo Alhamisi, niende?

Kipusa_Kayole: Wadau, nina vidonda vya utumbo mpana, kamera ilionyesha. Dawa ya mesalazini imeshindwa. Prednisoloni inanituliza, ila nikipunguza tembe damu inarudi, na usiku ni mimi na choo. Sasa daktari anataka infliksimabu kwa dripu: ya kwanza Alhamisi, ya pili baada ya wiki 2, ya tatu wiki ya 6, halafu kila wiki 8. Naogopa. Niende?

MzeeWaGithurai: Binti, hiyo ni amiba. Mimi nilitibiwa taifodi mwaka mzima, kumbe amiba. Achana na githeri ya barabarani.

Nesi_Mstaafu: Mzee, kamera imeona vidonda. Mwanangu, umepimwa TB na homa ya ini ya B? Dawa hiyo inashusha kinga, TB iliyolala inaweza kuamka.

Kipusa_Kayole: Picha ya kifua ilikuwa safi.

Nesi_Mstaafu: Ya lini? Na nyumbani nani anakohoa?

Kipusa_Kayole: Ya mwezi wa pili... Sawa, mama. Kaka yangu ameanza dawa za TB juzi, na tunalala bedsita moja. Lakini nikisema wataahirisha, na chama chetu cha kuchangiana kimeshatoa pesa ya dripu! Isitoshe, mimi sikohoi.

Nesi_Mstaafu: TB iliyolala haikohoi. Mwambie daktari kabla ya Alhamisi. Anaweza kukuanzishia dawa za kukinga TB kwanza, au akaangalia dawa nyingine, vedolizumabu, ambayo kazi yake iko zaidi utumboni. Prednisoloni usiiache ghafla. Na ukienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, tena una homa au moyo unakimbia, usingoje miadi, nenda hospitali usiku huohuo.

Mtumishi_Umoja: Pesa ya chama ni jasho la watu. Uongo juu yake ni dhambi mara mbili.

Jicho_Pevu254: Ngojeni. Wiki jana kwenye uzi wa nyumba ulisema unaishi peke yako. Leo kaka katoka wapi? Hapa harambee inapikwa.

MzeeWaGithurai: Namba ya M-Pesa iko ukurasa wa 2 😂

Kipusa_Kayole: Amehamia Jumapili, kafungiwa nyumba na landilodi. Nimemwomba nani shilingi?

Jicho_Pevu254: Bado.

Kipusa_Kayole: Mama Nesi, lazima nitaje habari ya chumba kimoja? Ama niseme tu kaka anaumwa?

Nesi_Mstaafu: Taja chumba. Na leo mlale dirisha wazi.