Gari la kivita limenipondea kazi Kondele, halafu naambiwa nilete namba yake

Wadau, leo ni siku ya sita nangoja hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka. Naandika nayo hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kisumu. Banda langu liko Kondele, hatua chache kutoka lile daraja la juu, na nimefanya kazi pale miaka 14: mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Jumatano iliyopita vijana waliwasha matairi asubuhi, yakaungua yakaisha, barabara ikafunguka. Kufikia saa saba mchana tuktuk zilikuwa zinapakia abiria, mama wa samaki jirani yangu alikuwa amerudisha karai motoni, na mimi nilikuwa namalizia geti la mteja wa Mamboleo. Ndipo lile gari likaja. Gari la kivita la polisi, refu kuliko banda langu, vioo vyake vidogo vimezama ndani ya chuma. Likasimama mbele yetu kama dakika 20, injini inanguruma, mtu hashuki. Halafu likaanza kurudi nyuma.

Halikupiga honi. Hakuna askari aliyeshuka kumwongoza dereva. Kijana wangu wa kazi alikuwa amechuchumaa, mgongo kwa barabara, miwani usoni, gurainda mkononi, anasaga mshono. Mtu akiwa anasaga hasikii kitu. Mama wa samaki ndiye aliyeona. Alimkamata ukosi wa shati akamvuta hadi mtaroni, na papo hapo tairi la nyuma likapanda geti. Geti la futi 12, tubu za mraba, mabati ya geji 16, lilikuwa limebaki rangi tu. Likajikunja kama chapati. Mashine yangu ya kulehemu ikafuata, kisha nguzo ya banda. Gari likakata kona likaelekea zake mjini. Karai la mama limemwagika, mafuta ya moto yamemchoma mguu. Kijana ameteguka kifundo. Yuko hai kwa sababu ya mkono wa mama mmoja, si kwa sababu ya mtu yeyote aliyekuwa ndani ya lile gari.

Nilienda kituoni. Sitasema ni kituo gani, maana bado nataka kulipwa. Afande wa dawati akaniuliza, gari gani? Nikamwambia, afande, magari ya namna ile Kondele siku ile lilikuwa moja. Akaniuliza namba. Nikamwambia mimi na majirani tulitafuta namba kwa macho yetu hatukuiona, mbele wala nyuma. Akasema, basi ukipata namba rudi tuandike kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Nimerudi mara tatu. Mara ya tatu nikaambiwa huenda lilitoka kaunti nyingine kuja kuongeza nguvu, niende nikaulize huko. Kaunti gani? Hawajui.

Hicho ndicho kinachonichoma kuliko hata lile geti. Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011, Jedwali la Sita, inamtaka kila askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana wazi. Mtu mwenye kilo 70 na rungu lazima nimsome ni nani. Gari la tani kadhaa linaloweza kuniua bila hata kujua limeniua, hilo linapita sokoni kama mzuka! Kama askari mwenyewe lazima avae namba, kwa nini chuma anachokiendesha kisiandikwe namba kubwa ubavuni, juu, mbele na nyuma, nikaiona nikiwa ng'ambo ya barabara? Kopo la rangi nyeupe na brashi. Mimi nitawaandikia bure.

Nawaambia kama mtu wa chuma, kwa sababu wengi tunaliita "kifaru" na tunafikiri ni gari la kawaida lililovishwa mabati manene. Sivyo. Chuma cha deraya kimepikwa kikawa kigumu hivi kwamba keekee ya kawaida inateleza juu yake, na ukikichomelea bila kudhibiti moto, sehemu iliyo kando ya mshono inalainika na risasi inaweza kupita hapo. Vioo ni matabaka mengi yaliyogandishwa pamoja, vizito mno, ndiyo maana vinakuwa vidogo. Dereva akiwa ndani anaona kipande tu cha dunia. Karibu na magurudumu na nyuma haoni kitu. Mengi yamejengwa yakiwa yameinuka ili tumbo liwe mbali na ardhi, kwa hiyo uzito wote uko juu na ukikata kona vibaya yanapinduka. Gari kama hilo likirudi nyuma lazima mtu awe chini analiongoza. Hata dereva wa lori la mchanga kutoka Nyamasaria anajua kumtoa turnboi ashuke aangalie.

Na lile tumbo mnajua ni la nini? Magari mengi ya aina hii tumbo lake lina umbo la V, na umbo hilo lilikomaa Afrika Kusini na Rhodesia katika miaka ya 1970, barabara zilipojaa mabomu ya ardhini. Bomu likilipuka chini, nguvu inagonga ule mteremko inatawanyika pembeni badala ya kupasua sakafu na miguu ya watu. Ni akili kubwa ya ufundi, naiheshimu. Casspir ilitoka huko, takriban tani 11, na jina lake ni herufi za polisi wa Afrika Kusini, SAP, zimechanganywa na za taasisi ya utafiti ya CSIR. Ilibuniwa kwa ajili ya mabomu ya mpakani Namibia. Miaka ya 1980 ikaonekana Soweto, kwenye vichochoro vya watu, mahali ambapo hapakuwa na bomu la ardhini hata moja. Kulikuwa na watoto wa shule na mawe. Serikali ile ya ubaguzi wa rangi ilianguka, magari ya ukoo ule hayakuondoka. Tarehe 16 Agosti 2012 yalikuwepo Marikana, huko huko Afrika Kusini, siku polisi walipoua wachimba migodi 34.

Sasa nauliza: Kondele kuna bomu gani la ardhini?

Mtaniambia Kondele kuna mawe. Ndiyo, kuna mawe, na jiwe linaua, sitaki kumdanganya mtu. Askari ana haki ya kurudi nyumbani kwa watoto wake. Mtoto wa dada yangu ni askari, yuko Mandera. Anapiga doria kwa Land Cruiser ya turubai. Kila tukisikia bomu la kutegwa barabarani limelipua gari la polisi Mandera, Lamu, Garissa au Wajir, dada yangu hali mpaka simu iingie. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa Bonde la Suguta, Baragoi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mwaka uliofuata, 2016, tukaonyeshwa magari ya kivita aina ya VN4 yaliyoundwa na Norinco ya Uchina, yamepangwa mstari, na mimi nikapiga makofi mbele ya televisheni kwa sababu nilijua kwa nini tunayahitaji. Nilifikiri yanaenda kumkinga kijana wetu. Juni 2024 askari wetu walipopelekwa Haiti walipewa magari ya kivita ya Wamarekani, sawa, kule magenge yana bunduki nzito. Lakini huku nyumbani kijana wa dada yangu bado anakaa nyuma ya turubai kwenye barabara iliyotegwa, na lile tumbo la kuzuia bomu linaletwa kusimama mbele ya karai la samaki.

Nisikilizeni vizuri hapo. Sisemi yachomwe wala yarudishwe kiwandani. Yana kazi yake. Februari 1997 kule North Hollywood, Marekani, majambazi wawili waliovaa fulana za kuzuia risasi walitoka benki na bunduki za rashasha. Polisi wakawa na bastola ambazo hazikuwa zinawafanya kitu, na majeruhi wamelala barabarani. Walichukua gari la kusafirishia pesa lililokuwa karibu, wakaingia nalo katikati ya risasi wakawatoa majeruhi. Hiyo ndiyo kazi ya deraya: kwenda mahali risasi zipo, kumtoa mtu. Wamarekani hao hao walipoyapeleka magari hayo Ferguson mwaka 2014 mbele ya watu waliokuwa wanaandamana kwa miguu, kelele zikawa nyingi hata Obama mwaka 2015 akawekea mipaka vifaa vya kijeshi ambavyo polisi wa mitaa wangepewa. Trump akaiondoa 2017. Kwa hiyo hata kule bado wanavutana, lakini angalau ilifika mezani kwa rais. Sisi yetu haijafika hata kwenye OB.

Kuna hadithi moja inayonikaa moyoni, na inahusu mwaka ambao mtu wa Kisumu hausahau. 1969. Kule Belfast, Ireland ya Kaskazini, polisi walikuwa na gari dogo la kivita liitwalo Shorland, Land Rover iliyovishwa deraya, imeundwa hapo hapo mjini na kiwanda cha Short Brothers. Juu lilikuwa na bunduki ya rashasha. Agosti 1969 katikati ya ghasia bunduki za magari hayo zilifyatuliwa kwenye majumba ya ghorofa ya Divis, na mtoto wa miaka 9 akauawa ndani ya nyumba yao. Ikaundwa tume chini ya Lord Hunt, ikasema polisi waondolewe majukumu ya kijeshi. Shorland zikatoka mikononi mwa polisi zikapewa jeshi. Ilikuwa imeshachelewa kwa yule mtoto, lakini mtu aliulizwa, na gari likahama.

Miezi miwili baada ya zile risasi za Belfast, tarehe 25 Oktoba 1969, hapa kwetu, siku ya kufungua hospitali tunayoiita "Russia", risasi zilipigwa kwenye umati na watu wakauawa. Kutoka banda langu hadi pale ni mwendo mfupi wa miguu. Marehemu baba alikuwa akipita barabara ile ananyamaza kabisa, hata kama mlikuwa katikati ya mazungumzo, mpaka mfike Kibuye ndipo aendelee. Hatukuwahi kumuuliza kwa nini, tulijua. Mwaka 2017 mtoto wa miezi 6 wa Nyalenda alipigwa rungu ndani ya nyumba yao akafa. Mji wenye historia hiyo unauletea chuma kisicho na jina wala namba, halafu unashangaa vijana wakiliona wanaokota mawe? Wakati lile gari halijafika watu walikuwa wanakula samaki! Lilipoondoka ndipo matairi yakawashwa tena, jioni yote biashara ikafungwa. Katiba, Kifungu cha 37, inasema mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Siku ile sisi hata hatukuwa tunaandamana. Tulikuwa kazini.

Hesabu yangu ni hii. Geti, mteja alikuwa ametoa shilingi 35,000 za kuanzia, zote ziliingia kwenye vyuma. Mashine ni 28,000 niliponunua, na hiyo ilikuwa ya mitumba. Mguu wa mama umefungwa bandeji na hajauza siku sita. Mteja wa Mamboleo ni mtu mwema, amenipa wiki mbili, lakini anahamia nyumba haina geti. Sijaomba fidia ya hofu, sijaomba kuombwa radhi kwenye redio. Nataka gari lile lijulikane, dereva wake ajulikane, na aliyemtuma kusimama pale ajulikane.

NIMEONGEZA, saa tatu usiku:

Nashukuru mliojibu. Aliyeandika kwamba "fundi, shukuru ni geti si kijana", ndugu yangu, nashukuru kila nikilala. Ndiyo maana siwezi kunyamaza. Safari ijayo mama wa samaki anaweza kuwa ameenda kununua mkaa.

Aliyesema niende IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia polisi, nimesikia. Kesho asubuhi naenda na mama, na karatasi yake ya hospitali, na picha za geti. Nimeambiwa malalamiko yanapokelewa hata kama huna namba ya gari wala jina la askari, mradi useme siku, saa na mahali. Kama ni hivyo, basi yule afande wa dawati alinizungusha siku sita bure.

Na wewe uliyesema watu wa Kondele tumezoea fujo, kwa hiyo tusilie: kijana wangu ana miaka 19, anatoka Manyatta, anafika kazini saa kumi na mbili na nusu kabla yangu. Amezoea gurainda.

Kuna mwenye tuktuk ameniambia kulikuwa na abiria mmoja pale stejini upande wa kupanda Kakamega, shati la buluu, alikuwa ameinua simu anarekodi. Ilikuwa Jumatano kati ya saa saba na saa saba na nusu. Kama ni wewe au unamjua, nitumie ujumbe hapa hapa. Sitakutaja. Nataka tu kuona upande wa nyuma wa lile gari, kama kuna alama yoyote, hata mkwaruzo.